Kifuniko Chenye Alama za Meno

Alhamisi, 6 Juni

Siku nane zimebaki. Ijumaa ijayo, saa nne kamili asubuhi, binti yangu anaapishwa kuwa hakimu. Hakimu! Nimeliandika mara mbili ili wino wenyewe uamini.

Mimi mama yake ni fundi cherehani. Shule niliishia darasa la saba. La nane nililisikilizia dirishani nikimsubiri mdogo wangu. Lakini tumbo hili ndilo lililozaa sheria. Nilimwambia hivyo muuza nyama leo, akanipimia bila kunijazia mifupa. Heshima hiyo! Binti yangu amenisihi nisimwite Mheshimiwa tukiwa kwenye foleni ya bucha, eti bado hajaapa na watu wanageuka. Nikamjibu sawa, Mheshimiwa.

Ameniomba kitu kimoja tu. Hataki saa, hataki viatu. Anataka kutia sahihi kwenye kitabu cha kiapo kwa kalamu ya marehemu baba yake. Mume wangu alikuwa karani wa vizazi miaka thelathini na mmoja. Kila mtoto aliyezaliwa upande huu wa mji aliandikwa kwa kalamu ile. Nyeusi, ya wino, nibu ya dhahabu, na kifuniko chenye alama za meno, maana marehemu akifikiri alikuwa anatafuna. Jina la binti yangu nalo liliandikwa nayo. Sasa aliyeandikwa anataka kuandika. Nililia kidogo juu ya kitambaa cha mteja. Kitakauka.

Tatizo ni hili. Jumamosi na Jumapili chama chetu kina maonyesho ya kalamu za wino, ukumbi wa maktaba. Na mimi ni mkusanyaji. Nina kalamu arobaini na sita ndani ya boksi la biskuti. Nikienda bila ya marehemu, meza yangu ni harusi isiyo na bibi harusi. Nikienda nayo, kuna Mkunga.

Mkunga ni mkunga mstaafu, mwanachama mwenzangu, na jicho lake lina mikono. Kalamu ile anaitaka tangu siku ya mazishi. Anasema ni haki yake, kwa sababu watoto walioandikwa nayo yeye ndiye aliyewapokea. Tena anazunguka akisema hata binti yangu alimpokea yeye. Uongo mtupu! Mji mzima unajua nilijifungua peke yangu, mvua inanyesha, dari inavuja, nikakata kitovu kwa mkasi wangu wa kushonea. Nimeisimulia mara nyingi mno, haiwezi kuwa si kweli.

Ijumaa, 7 Juni

Mpango umepatikana! Wanasema akili nyingi huondoa maarifa. Zangu ziko kiasi kile kile kinachotakiwa.

Nina kalamu bandia, nyeusi vilevile, umbo lile lile, nibu ya bati iliyopakwa rangi ya dhahabu. Ukiandika nayo inakwaruza kama kuku kwenye majani makavu. Kifuniko chake kitupu, hakina hata mkwaruzo. Leo mchana nimebadilisha vifuniko. Chenye meno nimeivika bandia. Kile kitupu nimeivika ya marehemu. Vimeingia kana kwamba vimezaliwa tumbo moja.

Sasa mwizi aje! Ataona meno, atachukua meno, atafika nyumbani na bati. Ya kweli itakuwa imejikalia kimya ndani ya boksi, kama tajiri aliyevaa matambara. Nimejipigia makofi mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine.

Mheshimiwa alipita jioni akitoka kazini. Nilikuwa namalizia pindo la sketi. Akanywa chai, akalivuta boksi langu, akakaa anazifuta kalamu moja moja kwa kitambaa, taratibu, huku anatabasamu peke yake. Mtoto gani huyo! Wenzake wa umri ule wanafuta simu.

Jumamosi, 8 Juni

Maonyesho! Nimevaa kofia ya kijani yenye ua kubwa. Miwani nimeiacha nyumbani, haipatani na kofia.

Ukumbi umejaa. Kila meza ina karatasi za kujaribia, kidau cha wino, na glasi ya maji ya kusuuzia nibu. Kufika saa nne maji yote yameshakuwa ya buluu. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu wa kuchora tunayemwita Profesa kwa sababu ya miwani ya kamba, alishikwa na kiu katikati ya hotuba, akanywa glasi isiyo yake. Ameshinda siku nzima anakaribisha wageni kwa meno ya buluu. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Mgeni mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama ndiyo sare ya wakubwa wa chama.

Meza ya Mkunga iko mbele ya yangu. Kusudi! Kalamu zake sitini amezilaza kila moja kwenye kitambaa cheupe, zimefunikwa hadi shingoni, na kila moja ina kikaratasi kimefungwa kwa uzi kama cha mkono wa mtoto mchanga. Anapita anazigeuza. Nilimsikia anaiuliza moja kama imelala vizuri.

Na katikati ya wachanga wale, nikaiona. Ya kijani, yenye milia. Ndiyo ninayokosa kukamilisha safu yangu ya kijani. Tena inaendana na kofia! Moyo ukaruka. Palepale shetani, au niseme akili, ikaninong'oneza. Mkunga anataka yenye meno. Yenye meno ni bati. Mpe!

Kuhusu kifuniko nilijiuliza, nikajijibu. Marehemu hakuwa anaandika kwa kofia. Kinachoandika ni nibu. Mheshimiwa akiuliza, nitasema kifuniko kimekwenda kung'arishwa.

Basi nikamwendea, nikasema mwenzangu, dunia tunapita, nimeota marehemu anasema kalamu iende kwa aliyewapokea watoto. Nikatoa machozi. Yalitoka jicho moja tu, lakini yalitoka. Mkunga akanitazama muda mrefu sana. Akaniuliza kama nina homa. Akaniuliza tena, mwenzangu, una uhakika, kitu cha marehemu hiki? Nikamwambia kitu cha marehemu kinakaa moyoni. Akaitoa ya kijani kitandani mwake.

Chama chetu kina sheria moja isiyopinda. Kalamu ya kubadilishana, mpokeaji akiichovya wino mbele ya shahidi na kuandika jina lake, imeolewa. Hairudi kwao. Profesa akaja kushuhudia na meno yake. Hapo nikaogopa, maana bati lingekwaruza na kunitangaza. Mkunga akachovya. Akaandika. Haikukwaruza hata kidogo! Ikateleza kama kidole kwenye sabuni. Nikashangaa, kisha nikaelewa. Karatasi za maonyesho mwaka huu ni nzuri mno. Hata bati linaringa.

Nimerudi na mbili kwa moja. Ya kijani mkononi, ya marehemu boksini chini ya kifuniko kitupu. Nani alisema darasa la saba halitoshi?

Jumapili, 9 Juni

Naandika kwa penseli. Sababu itajulikana.

Asubuhi ilikuwa tamu. Siku ya kushindanisha meza. Mkunga ameiweka yenye meno katikati, juu ya mto mdogo, na kadi: Kalamu Iliyoandika Watoto Elfu Mbili Mia Moja na Kumi na Wanne. Watu wanaizunguka kama inagawa kitu. Profesa akaijaribu. Akafumba macho. Akasema kwa meno yale ya buluu kwamba katika maisha yake hajashika nibu laini namna hii, na kwamba aliyeilea kalamu hii alikuwa mtu. Akampa Mkunga utepe mwekundu wa kwanza!

Mimi nikapewa wa kutia moyo. Sikujali. Mtaalamu mzima anasifia bati! Kicheko kilinibana hadi pini ya kiunoni ikafyatuka ikamchoma muuza wino. Nikakimbilia nyuma ya kabati la vitabu, nikachekea ndani ya kofia.

Nimefika nyumbani saa kumi jioni. Nikavaa miwani. Nikaitoa ya kifuniko kitupu, nikaijaza wino wangu wa zambarau, nikaandika Hakimu.

Kwaru!

Nikaandika tena. Kwaru, kisha ikatema doa kubwa kama kunguni. Nikaigeuza kwenye mwanga. Rangi ya dhahabu imebanduka ubavuni. Bati. Bati tupu!

Nikampigia Mheshimiwa, nikauliza kwa mbali mbali, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, iwapo aligusa kalamu zangu siku ile. Akacheka. Akasema Mama, Ijumaa nilikuta umechanganya vifuniko, cha Baba umekivika ile mbovu, macho yako siku hizi yamechoka na cherehani, basi nikakurekebishia. Nikamwambia asante mwanangu, Mungu akuzidishie. Nikakata simu. Nikakaa juu ya kitambaa cha mteja kikiwa na pini zake zote, na sikuzisikia.

Kalamu ya mume wangu nimeitoa kwa mikono yangu. Kwa machozi. Mbele ya shahidi.

Jumatatu, 10 Juni

Siku nne. Hakuna kulala usingizi wa mchana.

Nimeenda kwa Mkunga na keki. Nikamwambia dhamiri inanisuta, nakurudishia ya kijani, nirudishie ile yangu mbaya. Alikuwa anamwagilia maua. Hakuacha kumwagilia. Akasema imeolewa. Nikasema kuna talaka. Akasema kwenye ndoa za watu ndiyo, kwenye za kalamu hakuna. Akasema tena kwamba anayegawa cha marehemu Jumamosi asije kukilia Jumatatu. Maneno makali, na uso umekunjwa. Nilidhani aliyeshinda huwa anacheka.

Keki akaipokea.

Jumanne, 11 Juni

Mpango wa pili. Mkubwa zaidi.

Mimi ni fundi. Fundi akikuambia inua mikono, unainua. Nikarudi na futi yangu ya kupimia, nikasema mwenzangu, kwa ushindi wako nakuzawadia gauni. Bure! Nikatia bandia mfukoni. Nia yangu ilikuwa wakati amesimama mikono juu kama aliyekamatwa na polisi, niingize mkono kwenye mkoba wake, nitoe ile, niweke hii.

Nikampima mabega. Mkoba hauna kitu ila leso, miwani na peremende. Nikampima kiuno. Mezani hakuna. Nikampima kifua, na hapo futi ikagonga kitu kigumu. Ameivaa! Kalamu ya mume wangu inaning'inia shingoni mwake kwa ule utepe mwekundu, ndani ya blauzi. Nikampima kifua mara ya pili. Mara ya tatu. Mara ya nne akaniuliza kama kinaongezeka.

Nimerudi mikono mitupu na gauni la kushona. Mikono mirefu, kola, vifungo kumi na viwili vya kufunikwa kitambaa. Nilimuuliza la kwendea wapi. Akanishangaa. Akasema la kwendea mahakamani Ijumaa, kwa mtoto wangu, mimi ndiye mtu wa kwanza duniani kumshika. Nikang'ata pini kwa hasira. Hakualikwa na mtu!

Jumatano, 12 Juni

Nimeshona hadi kola. Huku mguu unakanyaga cherehani, kichwa kinakanyaga mpango wa tatu.

Barua! Barua rasmi, isiyo na jina la mwandishi. Nikaandika kwamba Kamati ya Ukaguzi wa Kalamu Zilizoshinda inaagiza kalamu yenye meno ipelekwe mara moja kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili ikapimwe urefu. Lugha nzito, ya ofisini. Nimeishi na karani miaka mingi, nayajua maneno kama rejea na tajwa hapo juu. Nikayaweka yote, hata pale ambapo hapakuwa na kitu hapo juu. Nikaisukuma chini ya mlango wake, nikakimbia. Kwa umri wangu, nilikimbia vizuri.

Saa nane barua imerudi chini ya mlango wangu. Mkunga ameniandikia pembeni kwa wino wa kijani kibichi. Kwanza, mji mzima mwenye wino wa zambarau ni mmoja. Pili, barua isiyo na jina haitiwi sahihi.

Nikageuza. Ni kweli. Chini kabisa, kwa mwandiko wangu mzuri, na mistari miwili chini yake: Mama Hakimu.

Ni mazoea! Tangu wiki iliyopita natia sahihi hiyo kila mahali. Hata kwa muuza mkate.

Alhamisi, 13 Juni

Mheshimiwa alikuja mchana kuchukua kalamu, aijaze wino kwa ajili ya kesho. Nikasema imekwenda kung'arishwa. Akauliza kwa nani. Nikasema kwa mng'arishaji. Akaniangalia. Yule si mtoto tena, anaangalia kama anahesabu mashahidi. Nikaona aibu kama nimesimamishwa kizimbani kwangu mwenyewe, kati ya cherehani na ndoo.

Hakunifokea. Angenifokea ningepumua. Alisema Mama, kama haipo nitatumia yoyote, sahihi ni sahihi. Kisha, akiwa anavaa viatu, akasema ila nilitaka na Baba awepo.

Akatoka. Nikakaa nalitazama gauni la Mkunga limening'inia mlangoni, vifungo kumi na viwili, kama lenyewe linanisubiri niseme.

Nikalikunja nikalipeleka. Sikubeba keki. Sikubeba mpango. Nikakaa kwenye kiti chake cha plastiki nikamwambia yote. Vifuniko, bati, machozi ya jicho moja, kwamba nilikusudia kumwibia na nikajiibia. Ni mara yangu ya kwanza kusema kitu kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukipamba. Kinakwisha upesi!

Mkunga alicheka hadi akashika ukuta. Akasema mchimba kisima, akaniachia nimalizie mwenyewe. Kisha akajifuta macho. Akaniambia siku zote tano alikuwa amenikasirikia kwa niaba ya marehemu. Alidhani nimeigawa kweli, kwa ajili ya kikalamu cha kijani cha kufanana na kofia, na aliichukua haraka kabla sijampa mtu baki. Ndiyo maana akaivaa shingoni. Anasema alijua hapo hapo silii kweli, maana mimi nikilia kweli nalia macho mawili na kamasi. Nikamuuliza amejuaje. Akasema alishaniona, usiku mzima mmoja, mvua inanyesha, dari inavuja, na mkasi haukuwa wa kushonea. Ulikuwa wake. Ulichemshwa.

Nilitaka kubisha.

Mvua ilinyesha, lakini. Hiyo iandikwe kwamba ni kweli.

Nikamwomba kalamu. Akasema sheria ni sheria, kwangu hairudi. Nikaanza kulia, macho mawili. Akaniambia subiri basi, mbona unakata kabla ya kupima. Kwangu hairudi, ila yeye ana ruhusa ya kumpa zawadi mtoto aliyempokea. Atampa mwenyewe, kwa mkono wake, pale mahakamani. Ana masharti matatu. Akae mstari wa mbele. Ile hadithi ya mkasi ife leo. Na niape kwamba sitagusa tena kifuniko cha kalamu ile maishani mwangu.

Kwa mstari wa mbele nilijaribu kumpunguza hadi wa pili. Akakataa. Nikaapa yote matatu, mkono juu ya kidau cha wino.

Ijumaa, 14 Juni

Leo wino wa zambarau, bila doa!

Tulifika mahakamani saa mbili, milango inafunguliwa. Mimi na kofia, Mkunga na gauni. Niseme ukweli, gauni lile ni kazi ya mikono iliyobarikiwa. Vifungo vimekaa kama askari. Watu watatu waliuliza limeshonwa wapi kabla hawajauliza anayeapishwa ni nani, nikawajibu maswali yote mawili kwa pamoja.

Nyuma yetu bwana mmoja alilalamika haoni kitu kwa sababu ya ua la kofia. Nikamwambia avumilie, akitaka kuona azae wake.

Kabla ya kuitwa, Mkunga akavua utepe shingoni, akampa mtoto kalamu. Alimpa kwa mikono miwili, akiishika chini kama yenye shingo laini. Mheshimiwa akaitazama ile, akanitazama mimi, akatazama utepe. Hakuuliza. Kesi nyingine unaziacha zilale.

Akaapa. Sauti haikutetemeka. Akafungua kalamu, na kabla ya kuandika alipitisha kidole gumba juu ya alama za meno, mara moja tu. Akatia sahihi. Nilikuwa mstari wa mbele na nilisikia. Haikukwaruza. Kimya, laini, kama marehemu anavuta pumzi kabla ya kuuliza jina la mtoto.

Nililia macho mawili. Mkunga alilia na kamasi. Tuliazimana leso moja.

Mwishoni karani wa mahakama akaita mama mzazi aje kwenye picha. Tukasimama wote wawili! Karani akachanganyikiwa, akauliza ni yupi. Ulimi wangu ulishaanza kusema kuna mvua, kuna mkasi. Mkunga akanikanyaga kidole. Mheshimiwa akamaliza shauri lake la kwanza pale pale. Alisema mwenye kofia ndiye mama, mwenye gauni ndiye shahidi, waleteni wote.

Kwenye picha ua la kofia limefunika nusu ya uso wa Mkunga. Bahati mbaya tu.

Jumamosi, 15 Juni

Nimeamka nimetulia, moyo umejaa. Nimejifunza mengi wiki hii. Ujanja hauna faida. Ukweli ni mfupi na unapunguza kazi. Nimemwambia hivyo muuza mkate, na nikamtajia kwamba binti yangu ni hakimu, asije akawa amesahau tangu jana.

Mheshimiwa ataanza kazi Jumatatu mchana. Ameniachia kalamu ya baba yake nimtunzie hadi hapo, anasema kwake kuna fundi anapaka rangi. Nimeiweka kwenye boksi la biskuti pamoja na zile nyingine.

Baadaye nikawaza. Profesa anakuja Jumatatu saa nne kuchukua majina ya maonyesho yajayo. Meno yameshaanza kurudi meupe, lakini mkono wake je? Siku ile aliishika kalamu ile akafumba macho. Mtu anayefumba macho ana tamaa. Tena ana kalamu moja nyekundu, yenye kishikizo cha nyoka, ambayo ingekaa vizuri sana pembeni ya ya kijani. Na amekuwa akisema kwa yenye meno angetoa hata mbili.

Ni kweli niliapa Alhamisi. Lakini kiapo kile kilihusu mashaka ya wiki ile, na wiki ile imekwisha. Hata mahakimu huahirisha. Kwa hiyo leo saa sita, kwa ajili ya usalama tu, nimechukua kifuniko chenye meno nikaivika bandia, na kile kitupu nikaivika ya kweli. Profesa akija nitampa meno, atanipa nyoka, na ya marehemu itabaki salama chini ya kofia ya kimaskini. Safari hii najua kosa lilikuwa wapi. Sikuwa nimevaa miwani. Leo nimeivaa.

Mheshimiwa alipita saa kumi kunisalimu. Nilikuwa kwenye cherehani, nina sketi mbili za kumaliza. Akanywa chai. Akalivuta boksi, akakaa anazifuta kalamu moja moja kwa kitambaa, taratibu, huku anatabasamu peke yake, kama ile Ijumaa. Alipokuwa anatoka alinibusu kichwani akasema Mama, pumzisha macho, humo ndani nimekuwekea kila kitu sawa.

Mtoto wa peke yake huyu! Hakimu mzima, na bado ananipangia boksi.

Jumatatu saa nne. Siwezi kusubiri nimwone Profesa anavyofumba macho.